Meza ya Kulia Chakula ya Lubunga: Neno, Mti na Fundi katika Historia ya Kisangani

1. Utangulizi

Mji wa Kisangani umegawanyika katika komine sita. Tano kati yake ziko ukingo wa kulia wa Mto Kongo, na moja tu, Lubunga, iko ukingo wa kushoto. Hakuna daraja linaloziunganisha pande hizo mbili. Watu na mizigo huvuka kwa kivuko au kwa mitumbwi. Kwa sababu hiyo Lubunga imeandikwa mara nyingi kama pembezoni mwa mji, mahali pa kupita. Wanahistoria wa Kisangani wameshughulikia zaidi pembe za ndovu, mpira, reli, siasa na vita. Vyombo vya nyumbani havikupewa nafasi kubwa, ingawa ndivyo watu wanavyovigusa kila siku.

Makala haya yanachunguza chombo kimoja cha aina hiyo: meza ya kulia chakula pamoja na viti vyake, inayotengenezwa na fundi kwa kuagizwa na familia fulani, kwa kipimo cha chumba chake na idadi ya watu wake. Hoja inayojengwa ni kwamba meza hiyo iliingia Kisangani ikiwa chombo kigeni, ikafanywa na dola la kikoloni kuwa kipimo cha ustaarabu wa Mwafrika, na hatimaye ikageuzwa na mafundi na wateja wao kuwa makubaliano ya wenyewe kwa wenyewe. Ili kuonyesha hivyo, itafaa kuanza na neno lenyewe, kisha kuendelea na watu, mbao, na mwisho msitu unaotoa mbao hizo.

2. Neno moja kutoka bahari mbili

Katika Kiswahili, neno meza limetokana na Kireno mesa. Wareno walifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498, na walikaa Mombasa hadi Ngome ya Yesu ilipotekwa na Waomani mwaka 1698. Katika karne hizo mbili waliacha maneno kadhaa ambayo hadi leo Mswahili hayahisi kuwa ya kigeni: bendera, gereza, leso, mvinyo, na meza.

Upande wa Bahari ya Atlantiki mambo yalikwenda vivyo hivyo. Wareno walifika mlango wa Mto Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1480, na Kikongo kikapokea kutoka kwao neno lile lile la meza. Baadaye lilienea kando ya mto hadi katika Kilingala, ambako hutamkwa mesa. Kilingala kina pia sapatu kwa maana ya kiatu na loso kwa maana ya mchele, yote mawili yakiwa na asili ya Kireno. Hivyo basi, kwa muda mrefu neno moja liliishi katika pande mbili za bara, na kati yake ukawepo msitu mkubwa wa bonde la Kongo.

Mahali ambapo mikondo hiyo miwili ilikutana ni Kisangani. Kutoka mashariki Kiswahili kilikuja na misafara ya biashara. Mwishoni mwa mwaka 1876 Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alimsindikiza Stanley sehemu ya safari yake ya kushuka mto, na Januari 1877 Stanley akapita kwenye maporomoko ya Wagenia. Wafanyabiashara wa Zanzibar na wafuasi wao wakafuata njia hiyo na kuweka makazi. Stanley alianzisha kituo chake hapo Desemba 1883, na mwaka 1887 Tippu Tip alikubali, kwa mkataba uliofanyika Zanzibar, kuwa liwali wa eneo hilo kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Kiswahili cha waungwana waliofuatana na misafara hiyo ndicho kilichokuja kuitwa Kingwana. Jina la Kisangani lenyewe lina kiambishi cha mahali -ni, sawa na Kisiwani au Mjini.

Kutoka magharibi zilikuja meli za mvuke. Mto unapitika kwa meli yapata kilomita 1,700 kutoka Kinshasa hadi Kisangani, na hapo maporomoko huzizuia. Meli hizo zilileta askari, makarani na mabaharia waliozungumza lugha ya mtoni, ile ambayo baadaye iliitwa Kilingala. Tangu wakati huo meza na mesa zimekuwa zikisikika katika mji mmoja, na mara nyingi katika nyumba moja.

Neno kiti lina historia tofauti. Kiswahili husema kiti, na Kilingala pia husema kiti. Ni neno la Kibantu, na umbo lake laonyesha ujamaa na neno mti. Hapa lugha inatoa ushahidi ambao nyaraka hazitoi: kwa wasemaji wa lugha hizi mbili meza ilikuwa mgeni, lakini kiti kilikuwa mwenyeji.

3. Kiti kabla ya meza

Ushahidi huo wa lugha unathibitishwa na desturi. Katika sehemu kubwa ya Kongo ya mashariki na kusini-mashariki, kiti kilikuwa alama ya heshima muda mrefu kabla ya Mzungu kufika. Waluba walikuwa na kiti cha kifalme kilichobebwa na umbo la mtu lililochongwa, kiitwacho lupona. Walega wa Maniema walikuwa na kisumbi, kigoda kilichohusiana na daraja za chama cha Bwami. Huko pwani, katika Lamu, Mombasa na Zanzibar, kulikuwa na kiti cha enzi, chenye mbao za mpingo na nakshi za pembe, ambacho alikalishwa mgeni wa heshima. Katika mifano yote hiyo kiti kinamtaja mtu mmoja na cheo chake. Hakuna hata kimoja kilichotengenezwa ili kiwe na wenzake watano wanaofanana nacho, vimezunguka meza.

Chakula kililiwa chini. Mswahili wa pwani alitandika mkeka au jamvi, akaweka sinia katikati, na walaji wakalizunguka. Waungwana waliofika Kongo walikuja na desturi hiyo pamoja na mpunga, zao ambalo wao ndio walioleta kilimo chake katika eneo la Kisangani na ambalo lingali linalimwa. Katika familia nyingi za Kongo, wanaume walikula peke yao, na wanawake na watoto peke yao.

Lisidhaniwe, hata hivyo, kwamba miji ya waungwana haikujua samani. Sidney Langford Hinde, daktari Mwingereza aliyekuwa katika jeshi la Dola Huru ya Kongo, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1897 kwamba Kasongo ilipotekwa mwezi Aprili 1893 askari wa kawaida walilala juu ya vitanda vya nakshi vyenye magodoro ya hariri. Kitanda cha nakshi, mlango wa nakshi na kasha ndivyo vilivyokuwa fahari ya nyumba. Meza ya kulia haikuwa na nafasi hapo, kwa sababu mlo ulikuwa na mahali pake pengine.

Tofauti kati ya mkeka na meza si ya urefu peke yake. Mkeka hauhesabu watu. Akija mgeni wa saba, waliokaa husogea kidogo naye akapata nafasi. Meza ya viti sita huhesabu: wa saba anapoingia hana pa kukaa mpaka mwingine ainuke. Katika jamii iliyolelewa na methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone, hilo ni jambo zito, na kama itakavyoonekana, ni jambo ambalo fundi hulazimika kulitafutia jibu kwa mbao.

4. Reli, misheni na maseremala

Baada ya vita vya 1892 hadi 1894 kati ya Dola Huru na wafanyabiashara wa Kizanzibari, Kisangani, ambayo sasa iliitwa Stanleyville, ilianza kujengwa kama mji wa kikoloni. Lubunga ilipata umuhimu wake kwa sababu ya maporomoko. Mwaka 1902 iliundwa kampuni ya reli ya Congo Supérieur hadi Maziwa Makuu, iliyojulikana kwa herufi CFL, chini ya Édouard Empain. Mwaka 1906 reli ya kwanza ya kampuni hiyo ilifunguliwa kutoka ukingo wa kushoto hadi Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, umbali wa kilomita 125 hivi. Kutoka Ubundu msafiri alipanda meli hadi Kindu, akaendelea kwa reli na mto, na kuanzia mwaka 1915 aliweza kufika Kalemie kwenye Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya ziwa ilikuwapo Kigoma, ambako reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika mwaka 1914. Lubunga basi ilikuwa kituo ambapo mto wa Kilingala uliishia na njia ya Kiswahili ikaanza.

Njia kama hiyo haiendi bila maseremala. Mabehewa ya siku zile yalikuwa na sakafu na kuta za mbao. Mashua na gati zilihitaji matengenezo. Nyumba za wafanyakazi zilihitaji milango, madirisha na mapaa. Misheni nazo zilikuwa shule za useremala. Padri Gabriel Grison, wa shirika la Moyo Mtakatifu wa Yesu, alianzisha misheni ya Mtakatifu Gabrieli karibu na Stanleyville mwaka 1897, na Wabaptisti wa Uingereza walikuwa Yakusu, upande wa chini wa mto. Kila kanisa lilihitaji mabenchi, kila darasa madawati, na mwalimu alihitaji meza.

Kwa njia hii ufundi wa mbao ulipata msamiati wenye tabaka. Neno fundi lilikuwapo. Randa na msumeno yalikuja na Kiswahili cha pwani. Shule na karakana za Kibelgiji zikaleta Kifaransa, na rabot ikakaa kando ya randa, menuisier kando ya fundi wa mbao. Kifaransa kilileta pia tungo salle à manger, yaani chumba cha kulia. Katika Kifaransa chenyewe jina hilo la chumba hutumika pia kwa seti nzima ya meza na viti vyake. Matumizi hayo yanaeleza mengi: anayeagiza seti hiyo anaagiza kwa jina la chumba, hata kama nyumba yake haina chumba cha namna hiyo na meza itasimama sebuleni.

5. Meza kama mtihani

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Kongo ya Kibelgiji ilikuwa na tabaka la makarani, waalimu, wauguzi na mafundi waliosoma, walioitwa évolués, yaani watu waliokwisha kuendelea. Walidai watofautishwe na kuheshimiwa kisheria. Mwaka 1948 serikali ilianzisha kadi ya sifa za kiraia, na mwaka 1952 ikaongeza hadhi ya juu zaidi, iliyoitwa immatriculation. Aliyepewa hadhi hiyo alihesabiwa, katika mambo kadhaa ya sheria, sawa na Mzungu.

Masharti yake hayakuishia kwenye elimu na tabia njema. Tume ilifika nyumbani kwa mwombaji. Ilitazama usafi, vyombo na samani. Ilitaka kujua iwapo familia inakula mezani kwa uma na kisu, na iwapo mume na mke wanakula pamoja. Meza ya kulia ikawa ushahidi mbele ya serikali. Mtu aliyefanya kazi kwa uaminifu miaka kumi aliweza kuulizwa habari za viti vyake.

Patrice Lumumba aliyapitia hayo katika mji huu. Alifika Stanleyville mwaka 1944, akafanya kazi ya karani wa posta, akawa kiongozi wa chama cha évolués wa mji. Ombi lake la immatriculation lilikataliwa mwanzoni, kisha akakubaliwa mwaka 1954. Hadi miaka ya mwisho ya ukoloni waliopata hadhi hiyo katika nchi nzima yenye mamilioni ya watu walikuwa mamia machache tu. Mlango ulikuwa umefunguliwa kwa upana wa kumpitisha mtu mmoja mmoja, akiwa amekaguliwa.

Mwanasosholojia Valdo Pons alifanya utafiti katika mitaa ya Waafrika ya Stanleyville mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kitabu chake kikatoka mwaka 1969. Alionyesha kwamba wakazi wenyewe walipimana kwa vigezo vya ustaarabu katika mavazi, kazi, lugha na namna ya kuishi. Ni kusema kwamba jicho la tume halikubaki katika tume. Lilihamia kwa jirani.

Hata hivyo, inafaa kuuliza: nani aliyeitengeneza meza iliyokaguliwa? Karani wa posta hakuweza kuagiza samani kutoka Ulaya kwa mshahara wake. Njia iliyokuwa wazi kwake ilikuwa kumwendea fundi wa Kiafrika aliyejifunza kazi katika karakana ya misheni, ya serikali au ya reli. Fundi huyo kwa kawaida hakuwa évolué, na tume haikuwa na haja ya kumtembelea. Lakini bila ulimi na tundu alivyochonga yeye, mtihani usingefaulika. Hili ndilo jambo ambalo kumbukumbu za ukoloni zimelificha: kipimo cha Mzungu kilitegemea mkono wa mtu ambaye kipimo hicho hakikumwona.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, na hadhi zile zikafutika pamoja na dola lililozitoa. Mwaka 1966 mji ulirudishiwa jina lake la Kisangani. Meza haikufutika. Ilibaki ndani ya nyumba, ila sasa hapakuwa na mkaguzi, na ikabidi wenye nyumba waamue wenyewe ni ya nini.

6. Namna meza inavyobuniwa na kuundwa

Meza ya kuagiza huanza na maswali. Fundi huuliza watakula wangapi, chumba kina upana gani, na mti upi unatakiwa. Kila mlaji anahitaji ukingo wa meza wa sentimita 60 hivi ili viwiko visigongane. Meza ya watu sita, wawili kila upande mrefu na mmoja kila kichwa, inatosha kuwa na urefu wa sentimita 150 na upana wa 90. Ikiwa watatu watakaa kila upande, urefu uwe 180. Kimo cha meza ni sentimita 75, na cha kikalio cha kiti 45. Tofauti ya 30 kati yake ndiyo nafasi ya mapaja na ubao wa fremu. Ikipunguzwa, magoti hugonga. Nyuma ya kila kiti inatakiwa nafasi ya sentimita 80 hivi ya kukivuta na kuinuka. Hesabu hiyo humwonya mteja mapema: meza ya upana wa 90 inahitaji chumba kisichopungua mita mbili na nusu.

Swali la mgeni wa saba hujibiwa hapa. Wako wanaoagiza viti vinane kwa meza ya sita, viwili vikae ukutani. Wengine huagiza viti upande mmoja na benchi upande wa pili, kwa kuwa benchi, kama mkeka, husogezwa na kubanana. Meza yenye kiti chenye mikono kwenye kichwa chake hukumbusha kiti cha mzee. Yenye viti vinavyolingana vyote husema jambo jingine. Fundi hatoi hotuba juu ya mambo haya, ila kila mchoro wake huchukua msimamo.

Kisha huja mbao. Msitu unaoizunguka Kisangani una miti inayojulikana duniani kwa samani: lifaki, ambayo wafanyabiashara wa Ulaya huiita sapelli, mvule, ambao sokoni Kongo huitwa kambala, afromosia, yenye rangi ya dhahabu inayokolea kadiri miaka inavyopita, na wenge, nyeusi na nzito. Lifaki hupigwa randa vizuri na ina mistari ya kung'aa, lakini nyuzi zake hupishana, na randa butu huzichana badala ya kuzilainisha.

Tatizo kubwa la fundi wa Kisangani ni maji yaliyomo ndani ya ubao. Mji uko karibu kabisa na ikweta, hupata mvua ya milimita zaidi ya 1,700 kwa mwaka, na hauna kiangazi kirefu. Ubao uliopasuliwa sasa hivi umejaa maji. Tangu ubichi hadi ukavu kamili, ubao wa lifaki hupungua upana kwa asilimia 5 hadi 7, kutegemea namna ulivyopasuliwa kutoka kwenye gogo. Katika hewa ya Kisangani ubao uliopangwa bandani kwa vijiti vya kupitisha upepo hukauka hadi kubakiwa na unyevu wa asilimia 15 au zaidi kidogo, yaani hupitia karibu nusu ya safari hiyo. Kwa uso wa meza wenye upana wa sentimita 90, nusu hiyo ni sentimita mbili hadi tatu. Fundi akiunga mbao mbichi leo na kuzigandamiza kwa misumari juu ya fremu, baada ya miezi michache zitatafuta pa kupungulia, na zitapasuka.

Fundi mzuri hutumia njia mbili za kujikinga. Ya kwanza ni kusubiri. Ya pili ni kuufunga uso wa meza kwa vishikizo vya mbao vinavyoteleza katika mifereji ya fremu, ili uso uweze kupanuka na kupungua pasipo kuvunja kitu. Miguu na fremu huungwa kwa ulimi na tundu, unene wa ulimi ukiwa theluthi moja hivi ya unene wa ubao. Ikiwa mteja yuko ukingo wa kulia, meza itavuka mto, na ni busara miguu iweze kufunguliwa.

Kiti ni kigumu kuliko meza. Meza ina pembe mraba. Kiti kizuri hakina hata moja. Kikalio ni kipana mbele na chembamba nyuma, egemeo limelala kidogo, na miguu ya nyuma imepinda. Uzito wote wa mtu anayeegemea hukusanyika kwenye kiungo cha mguu wa nyuma na ubao wa pembeni, na hapo ndipo viti vingi hufia. Halafu kazi hiyo irudiwe mara sita, na vyote vifanane. Kwa sababu hiyo fundi huchonga kwanza kielelezo cha ubao mwembamba, na kila mguu huchorwa kwa kukifuata.

Mgogoro mkubwa kati ya fundi na mteja hautokani na nakshi. Hutokana na muda. Fundi mdogo hana mtaji wa kuweka mbao bandani miezi mingi. Hutegemea fedha ya kutangulia ya mteja ili anunue mbao, na mbao anazozipata zimetoka msituni juzi. Mteja naye ana tarehe ya harusi. Kati ya tarehe na ubao mbichi, fundi hulazimika kuchagua baina ya kumkasirisha mteja leo na kumkasirisha baada ya mwaka. Wanaosema kwamba mafundi hawana ufundi, kwa kuwa meza zao hupasuka, wameona ufa bila kuona chanzo chake. Anayelipa mapema na kukubali kungoja hununua vitu viwili, mbao na muda, na cha pili ndicho kinachoamua kama wajukuu wataikuta meza.

7. Msitu, vita na meza iliyoachwa

Chombo kinachotarajiwa kuishi vizazi viwili kinahitaji amani, na Kisangani haikuipata kwa muda mrefu. Uasi wa 1964, uporaji wa askari uliotokea katika miji kadhaa ya nchi mwaka 1991 na 1993, vita vya 1998 hadi 2003, na hasa vita vya siku sita vya Juni 2000 kati ya majeshi ya Rwanda na Uganda ndani ya mji, viliharibu nyumba na vilivyomo. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola za Marekani milioni 325: milioni 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali, na 60 kwa maliasili, mbao zikiwamo. Kwa hiyo mbao ziliingia katika hukumu kama maliasili iliyochukuliwa, na nyumba pamoja na vilivyomo kama mali iliyoharibiwa.

Lubunga yenyewe iliingia matatani tena kuanzia Februari 2023, mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulipogeuka kuwa mauaji na uchomaji wa nyumba, na maelfu ya wakazi wakavuka mto kutafuta hifadhi ukingo wa kulia. Mtumbwi wa mkimbizi hubeba watoto, sufuria na godoro. Meza ya lifaki ya watu sita, yenye uzito wa watu wazima wawili au zaidi pamoja na viti vyake, hubaki. Ikiwa kuagiza meza ni kutamka kwamba familia itakuwapo hapa kesho, kuiacha ni kulivunja tamko hilo.

Msitu nao una hesabu yake. Afromosia iliwekwa mwaka 1992 katika Kiambatisho cha Pili cha Mkataba wa Kimataifa wa Biashara ya Viumbe vilivyo Hatarini, CITES. Ni mti unaopenda mwanga. Miche yake haikui vema chini ya kivuli cha msitu mzito, na hivyo kila mmoja unaokatwa hauna mrithi wa hakika. Sheria ya misitu ya Kongo ya tarehe 29 Agosti 2002, pamoja na kanuni zilizoifuata, iliwapa Wakongo wapasuaji wadogo nafasi ya kukata miti kwa kibali. Watafiti wa misitu wameonyesha kwamba wapasuaji hao, wengi wakifanya kazi bila kibali, ndio wanaolisha soko la ndani, na kwamba mbao za Kongo ya mashariki huvuka mpaka kwenda Uganda na Kenya. Meza nyingi za Kampala na Nairobi kwa hiyo ni jamaa wa meza za Kisangani.

Katika hali hiyo, kazi ya kuagiza ina faida ambayo haionekani kwa haraka. Meza iliyopasuka baada ya mwaka mmoja hudai mti mwingine. Iliyoundwa kwa mbao kavu na viungo sahihi huuacha mti huo umesimama kwa miaka arobaini. Mafundi hawataokoa msitu peke yao, lakini ubao ulioharibiwa kwa haraka ni hasara ya fundi, ya mteja na ya msitu kwa pamoja.

8. Hitimisho

Historia ya meza ya kulia chakula katika Lubunga inaonyesha mambo matatu. Kwanza, lugha imehifadhi njia ambayo chombo kilipitia: neno la Kireno lililofika kutoka bahari mbili likakutana mahali ambapo mto unakoma na reli inaanza, na likakuta kiti kimekwisha kukaa. Pili, chombo kilichotumiwa kumhukumu Mwafrika hakikubaki na maana ya aliyekitumia hivyo. Siku hizi lituma, sombe, wali na samaki wa mtoni huandaliwa juu ya meza hiyo, watu hula kwa uma au kwa mkono wapendavyo, na hakuna anayeandika ripoti. Tatu, thamani ya meza iko katika makubaliano yaliyoizaa, yaani fedha iliyotangulia, mbao zilizosubiriwa, kipimo kilichofuatwa na ahadi iliyotimizwa.

Watafiti wa Kiswahili wanaoshughulikia msamiati wa ufundi wangefanya vema kufika chini ya mabanda ya maseremala wa ukingo wa kushoto, na kuorodhesha majina ya viungo, zana na miti kwa Kingwana, Kilingala na Kifaransa jinsi yanavyotumika kazini. Maneno hayo hukaa mikononi mwa watu wasioandika vitabu, na fundi anapokufa au kukimbia huondoka nayo.